Mishale ya Mjomba Haikatwi

Mjomba wangu, kaka wa mama, alinitumia mishale kwa basi la asubuhi kutoka Iguguno. Ilikuwa imefungwa kwa kamba ya katani na kuviringishwa ndani ya gunia la mbolea, na kondakta alinipigia simu kabla hata hajafika Singida Mjini, akilalamika kwamba mzigo wangu umemchoma abiria ubavuni. Nikaufuata stendi kwa pikipiki. Nilipolishika lile gunia tu nikahisi kuchoka. Lilikuwa refu mno.

Nyumbani Mwankoko nikaufungua mzigo sebuleni mbele ya mama. Zilikuwa fito za mkole, zimenyooshwa kwa moto na meno, zimesuguliwa hadi zikawa laini, na nyuma yake manyoya ya kanga yamefungwa kwa ukano wa ng'ombe. Kazi safi. Mbele hakukuwa na kitu, kwa sababu vyembe, yaani vile vyuma vyenyewe vya kukata, vilikuwa kazi yangu. Nina karakana ya mageti na madirisha mjini, chuma ndiyo riziki yangu. Nikachukua mshale mmoja, nikaushika huku na huku, nikaukandamiza kidogo kwenye goti. Ukakunjika bila ubishi. Hapo ndipo nilipoanza kukasirika, na sikuacha hadi tulipoingia porini.

Niseme kwanza kwa nini mshale kukunjika ni habari mbaya, maana watu wengi wanaona mshale ni mshale. Unapoiachia kamba ya upinde, mshale hauondoki umenyooka. Unasukumwa ghafla kutoka nyuma wakati mbele kuna uzito wa chuma usiotaka kuondoka, kwa hiyo unapinda, unajirudi, unapinda upande wa pili, na ndivyo unavyoupita ubavu wa upinde. Mshale unaoufaa upinde wako hupinda kwa kiasi, halafu ukatulia njiani. Ulio mlegevu hautulii. Unakwenda ukitikisa mkia, na ukifika unafika umelala upande, nguvu zote zimeishia hewani. Ukiuvika chembe kipana ndiyo unaharibu kabisa, kwa sababu zile mbawa za chuma hushika upepo na kuupeleka mshale zinakotaka zenyewe. Dawa yake haina ugumu wowote: unaukata mshale. Mfupi ni mgumu kuliko mrefu, hata kama ni mti uleule. Ningepunguza upana wa vidole vinne tu, mishale ya mjomba ingekuwa mishale yangu na maisha yangeendelea.

Ila katika ukoo wetu kitu cha mjomba hakikatwi. Sisi ni Wanyiramba, na kwa wazee wetu mjomba hakuwa mtu wa kuja kula pilau kwenye harusi na kuondoka. Yeye ndiye aliyekuwa na mamlaka juu ya watoto wa dada yake kuliko hata baba yao. Mambo mengi ya aina hiyo yameshakufa, watu wanarithi kwa mujibu wa mahakama, lakini hili limebaki: alichokupa mjomba kwa mkono wake, nguo, fimbo, ngozi, hukikati wala hukipunguzi akiwa hai. Ukikata umesema ameshakufa. Nguo aliyonipa nikiwa kidato cha kwanza niliivaa ikiburuza hadi nikakua ikanitosha. Nguo unaweza kuisubiri. Mshale haukungoji urefuke mikono.

"Unaiangalia kama deni," mama akasema.

"Mirefu, mama."

"Kwani wewe mfupi?"

"Mirefu na milegevu. Haiendani na upinde wangu."

"Basi tafuta upinde unaoendana nayo," akasema, akaenda zake jumuiya.

Na hilo lote lingekuwa la kuchekesha kama nisingekuwa na leseni mfukoni. Nilikuwa nimehangaika mwaka mzima kupata ruhusa ya kuwinda pofu mmoja, yule mnyama wa jamii ya swala, kwa upinde, katika pori tulilopangiwa. Watu waliniuliza kwa nini upinde. Fundi mwenzangu aliniuliza kama bunduki zimeisha nchini. Jibu langu ni kwamba wazee wangu waliwinda hivyo, na kwamba napenda kumkaribia mnyama hadi nione kope zake, lakini ukilisema hilo kwenye karakana ya mageti unaonekana umechanganyikiwa. Pofu ni mnyama mkubwa kumpita ng'ombe dume wa kwetu, ana ngozi nene shingoni na mbavu pana. Mshale ukimwingia umelala upande unaishia kwenye nyama ya juu, na yeye anaondoka nao. Afisa aliyenipa ruhusa aliniambia taratibu, huku akinitazama usoni, kwamba nikimjeruhi akapotea, huyo ndiye wangu, hakuna mwingine. Yeye alikuwa anazungumzia utaratibu. Mimi nilikuwa nafikiria mnyama mzima akitembea na chuma changu tumboni kwa siku kadhaa, akinywa maji asiyoweza kuyamaliza, hadi fisi wamwone.

Kwa hiyo nilikuwa na njia mbili. Niikate mishale na kumwambia mjomba, mzee ambaye hajawahi kuniudhi isipokuwa kwa kuongea, kwamba kwangu mimi amekwisha. Au nisiikate, nikamtese mnyama. Nikaanza kutafuta njia ya tatu, kama watu wote wasiotaka kusema neno.

Nyuma ya nyumba nilipanga magunia yaliyoshindiliwa makapi ya alizeti, yale yanayobaki kwenye mashine ya kukamua mafuta. Yanashika mshale vizuri bila kuuvunja. Mbele yake nilitundika karatasi la mfuko wa saruji kwenye fremu ya dirisha ambayo mteja aliikataa. Ukiupiga mshale ukapita kwenye karatasi lile, tundu linakuambia ukweli wote. Mshale uliotulia huacha tundu dogo la ncha na michirizi mitatu ya manyoya kulizunguka. Wa kwangu wa kwanza uliacha mpasuko wa kulala, mrefu kama kiganja, mkia umechana kuelekea kushoto. Wa pili hivyohivyo. Nilipopiga wote nilikuwa na karatasi lililochanikachanika lote upande mmoja, na mishale kwenye magunia ikiwa imeinama, yote imegeuzia mikia kwenye ukuta wa jirani.

Mama alikuwa amerudi. Alisimama mlangoni na kanga yake ya kanisani begani.

"Angalau yote inaelekea sehemu moja," akasema.

Hiyo ndiyo ilikuwa inaniuma zaidi, kwamba alikuwa amesema kweli. Mishale ya mtu anayebahatisha hutofautiana, mmoja hivi, mmoja vile. Hii ilikuwa ndugu wa tumbo moja. Uzito uleule, ulegevu uleule, kosa lilelile. Mzee mwenye macho mabovu asingeweza kuitengeneza. Mjomba alikuwa amekusudia iwe hivi, na mimi nilikuwa siwezi kuelewa mtu mwenye akili timamu angekusudiaje upuuzi wa namna ile.

Nikajaribu vyembe vyepesi. Mbele pakiwa pepesi, mshale hujikaza kidogo. Vyembe vyangu vya kwanza nilikuwa nimevikata kwenye spring ya gari, vipana, makali pande mbili, vizito, maana mnyama mkubwa anahitaji uzito unaosukuma makali hadi ndani. Hivyo nikaviweka pembeni, nikakata vingine, nikakaa na grinda nikivikondesha. Nikavitoboa katikati. Nikavifupisha. Kila nilipopunguza chuma mshale ulitulia kidogo, na kila ulipotulia ulizama pungufu kuliko mwanzo. Mwishoni nilipata chembe ambacho mshale ulikipenda kabisa. Kilikuwa na ukubwa wa ukucha wa kidole gumba na kingemfaa sungura.

Halafu nikasema labda kosa ni la kukaa kwa vyembe. Nikaviweka upya kimoja kimoja. Nilikuwa nauchukua mshale, nauegemeza kwenye ukucha, nauzungusha kama mtoto anavyozungusha pia ya kuchezea, na kama ncha inatetemeka basi chuma kimekaa kombo. Nayeyusha ulimbo kwa moto wa jiko, nakirudisha, nasubiri upoe, nazungusha tena. Vikakaa sawa vyote. Vikanolewa hadi vikanyoa nywele za mkono wangu, nikabaki na mkono mmoja kama wa mtoto mchanga. Karatasi la saruji likaendelea kuchanika kushoto.

Nikatengeneza mishale yangu mwenyewe kwa bomba za aluminiamu za kutundikia mapazia. Mama aliziona zikiwa zimeegemezwa ukutani, akauliza kama tunawinda sebule. Nikaziondoa.

Mwishowe nikapiga simu Iguguno. Nilijifungia karakana, nikazima mashine, nikajipanga nitakavyosema.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mzigo ulifika?"

"Ulifika, mjomba. Nashukuru sana. Kazi nzuri."

"Najua ni nzuri. Umeshaipiga?"

"Nimeipiga."

"Inakwendaje?"

Pale ndipo pa kusema. Nafasi ilikuwa wazi, na mimi nina miaka arobaini na kitu, ninalipa kodi, ninasomesha. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Inakwenda."

"Safi. Nami nilijua. Nakuja wiki ijayo tuiweke sawa pamoja. Porini twende wote."

Nilipomsimulia mama nilichojibu, aliendelea kuchagua mchele kwa muda. "Si uongo," akasema. "Hata konokono anakwenda."

Nikamuuliza, kwa sauti ya juu kuliko inavyostahili, kama angekuwa yeye angemwambia nini kaka yake. Akasema yeye si mpwa wake, ni dada yake, angemwambia chochote. Nikamwomba amwambie basi. Akasema mishale si yake. Nilitoka nje nikakaa kwenye pikipiki bila kuiwasha.

Mjomba akafika na basi lilelile, amevaa koti lake la msibani, na kwapani upinde wake wa siku nyingi umefungwa kwenye kipande cha shuka. Nilimwona amepungua. Tangu mwaka juzi alikuwa na bega la kulia linalomsumbua, alianguka kwenye mtaro wa barabara, na mkono ule alikuwa anaulea tumboni kama si wake. Lakini mdomo haukupungua. Alipokunywa chai tu akaanza kuvikagua vyembe vyangu. Havina miiba, akasema. Chembe bila miiba nyuma kitachomoka, mnyama akipita kwenye vichaka ataking'oa.

"Mjomba, mimi nataka kipite kabisa kitokee upande wa pili. Damu itoke huku na huku, tumfuate bila kubahatisha. Chenye miiba kinakwama."

"Kikikwama kinamsumbua anapokimbia."

"Sitaki kimsumbue. Nataka afe."

"Vijana mna haraka na kila kitu," akasema, na tukabishana hivyo hadi chakula kikapoa. Nilimpenda na nilitamani arudi Iguguno jioni hiyohiyo.

Kesho yake asubuhi alitaka kuniona nikipiga. Nilisimama mbele ya magunia nikavuta upinde wangu hadi kidole kikagusa pembe ya mdomo, nikaachia. Mshale ukaenda ukitikisika kama kawaida yake, ukachana karatasi, ukalala kwenye gunia. Nikamtazama. Nilidhani ataona. Mtu aliyetengeneza mishale maisha yake yote, akiwa amesimama pembeni yangu, haiwezekani asione.

"Upinde wako mkali mno," akasema.

"Upinde ni wa pofu, mjomba."

"Hata hivyo. Unavuta kwa hasira. Mshale unaogopa."

Akaufungua wake kutoka kwenye shuka. Akachukua mmoja wa mishale ileile, akavuta, nusu tu, bega haliruhusu zaidi, ngumi haikuvuka kifua. Akaachia. Sijawahi kuona mshale umekwenda vile. Ulikwenda umenyooka, bila kutikisa chochote, ukapita kwenye karatasi kwa tundu safi la ncha na michirizi mitatu, ukaingia kwenye gunia ukiwa umesimama sawasawa. Umezama kina cha kidole. Alirudia. Tundu la pili likagusana na la kwanza.

"Umeona?" akasema. "Mishale haina tatizo."

Nilikasirika. Mishale yote ile, uzito wote ule wa ukoo, imetengenezwa kwa upinde ambao usingemuua mbuzi, na mwenye kuitengeneza anasimama pale ananifundisha kuvuta. Ningemwambia siku ile. Nilikuwa na maneno yote mdomoni, na ni hasira tu ilikuwa inayasukuma, na nilijua yakitoka vile hayatarudi. Nikasema naenda karakana, kuna mteja. Hakukuwa na mteja.

Tukaenda porini hivyohivyo. Mimi, mjomba, na askari wa wanyamapori tuliyepangiwa, kijana mpole mwenye bunduki ambaye alituambia mapema kwamba silaha ile ni ya kutulinda, si ya kunimalizia kazi. Kwenye podo nilikuwa na mishale mirefu ya mjomba na vyembe vyangu vizito vya mwanzo, kwa sababu nilikuwa nimeamua kwamba kama nitafanya jambo la kijinga, basi nilifanye kwa chuma cha heshima. Nilijiambia nikimkaribia sana mnyama mshale hautapata nafasi ya kupotea. Huo ulikuwa uongo. Karibu ndiko mshale mlegevu unakotikisika zaidi, haujapata njia ya kutulia. Nilikuwa nimeliona hilo kwenye karatasi la saruji kila siku.

Asubuhi ya pili tulimpata pofu. Mjomba ndiye aliyemsikia kwanza, ule mlio wa goti unaotoka kwa pofu dume akitembea, kama mtu anayevunja kijiti. Tulikuwa nyuma ya mwamba mpana, upepo unatupiga usoni. Pofu akatoka kwenye vichaka peke yake, mzee, shingo imening'inia, ameshakuwa na rangi ya kijivu. Akasimama ubavu wake umegeukia kwangu, mguu wa mbele ametanguliza, mbavu zote wazi. Nilikuwa namwona anavyotafuna. Watu wanaopiga upinde wanasubiri miaka kupata nafasi ya namna ile.

Nikavuta. Kidole kikagusa mdomo. Nikauona mshale wenyewe mbele ya jicho langu, ule urefu wa ziada, vidole vinne vya mti visivyo na kazi vinavyochungulia mbele ya upinde na chuma changu kizito mwishoni, nao tayari umeshapinda kidogo kwa uzito. Nikaona utakavyokwenda. Nikaona utakapolala. Nikashusha upinde polepole, nikatoa mshale kwenye kamba. Pofu aliendelea kutafuna. Baadaye akaondoka bila haraka, na magoti yake tukayasikia hadi yakaisha.

Askari alipumua kwa nguvu, akaenda kukaa mbali kidogo, kibuyu chake cha maji mkononi, akafunika uso kwa kofia. Mjomba alikuwa ananitazama.

"Kwa nini?" akauliza.

"Mishale yako haiendi, mjomba."

Hatimaye. Ilitoka kwa sauti ndogo, ya kawaida, kama kumwambia mtu kwamba chumvi imeisha. Nikaendelea, kwa sababu nikinyamaza nisingeweza tena: ni mirefu, ni milegevu kwa upinde wangu, niliijua siku ileile ilipofika stendi, nimevikondesha vyembe, nimevitoboa, nimepiga makaratasi yote ya saruji ya Mwankoko, na dawa ni kukata tu, na kukata siwezi.

Nilingoja akasirike, na akakasirika, lakini si pale nilipotegemea.

"Kwa hiyo uliniambia kwenye simu kwamba inakwenda."

"Ndiyo."

"Nikaja Mwankoko, ukaniambia inakwenda."

"Sikusema inakwenda. Sikusema kitu."

"Wewe umezaliwa na dada yangu na una kichwa kigumu namna hii," akasema. "Wewe ndiye usiyeweza kukata. Mimi nakata changu nikitaka. Nani kakwambia mimi nimekatazwa kukata cha kwangu? Ungesema tu, mjomba, nikatie. Pofu yule sasa hivi angekuwa amelala hapa."

Wiki tatu za grinda na ulimbo na mama kunicheka, na ilikuwa inahitaji neno moja, nikatie. Nilijisikia mjinga hadi masikioni.

Tukahamia kwenye kivuli cha mwamba. Akatoa kisu kiunoni, akaniambia nivute upinde wangu mtupu aone mkono unapofikia, akapima kwa shubiri. Akavua chembe cha mshale wa kwanza, akauweka mti juu ya jiwe, akabana kisu kwa mkono wa kulia. Bega likakataa. Alijaribu tena, na kisu kikateleza juu ya mti bila kuacha hata alama. Akahamishia mkono wa kushoto. Kikateleza tena.

"Shika," akasema, akanipa kisu.

"Mjomba, siwezi."

"Nimekutuma mimi. Mkono wako ni wangu leo. Zungusha, usikate kwa kusukuma, utapasua."

Nikakata. Alikuwa amekaa ananikosoa kila mmoja, umekata mshazari, ule kule umeuacha mrefu, rudisha chembe kabla ulimbo haujapoa, siyo hivyo, mwanangu, chembe kikae kikilingana na ule mkato wa nyuma unaoingia kamba. Nilimkasirikia tena na nilifurahi kumkasirikia. Vipande vilivyokatwa alikuwa anaviokota na kuviweka mfukoni mwa koti. Nilipoupiga mshale wa kwanza uliofupishwa kwenye kichuguu kilichokuwa mbele yetu, ulikwenda kimya, bila kutikisika, ukazama hadi nusu ya mti. Askari aliinua kofia akatazama. Mjomba alitikisa kichwa kukubali.

Ukabaki mshale mmoja. Nikanyoosha mkono kuupokea, hakunipa. Alikuwa ameulaza kwenye mapaja yake.

"Huu usubiri," akasema.

"Kuna nini?"

Alikuwa anausugua kwa kidole gumba, kuanzia kwenye manyoya hadi mbele, kama anatafuta fundo.

"Nilikata fito hizi kwa kipimo cha mkono wangu," akasema. "Kwa upinde wangu. Unadhani sijui upinde wako? Nilikuona ukiuchonga. Nilijua haitakufaa." Akaugeuza mshale. "Nilifikiri ukiiona inakwenda vizuri kwangu na vibaya kwako, utasema, basi mjomba, mwaka huu piga wewe."

Nakumbuka askari alikuwa anapiga mbu shingoni. Nakumbuka nilikuwa bado na hasira, mabaki yake, na haikuwa na pa kwenda tena.

"Basi piga wewe," nikasema. "Tukimpata mwingine karibu, piga wewe, mjomba. Nitakaa nyuma yako."

Akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye basi hakuwa na neno la kunikosoa. Aliuinua mkono wa kulia kiasi ulichokubali, ukafika kifuani, akaushusha.

"Nimjeruhi mnyama wa watu azunguke na chuma," akasema. "Hapana."

Akaweka mshale juu ya jiwe, akaushika huku na huku kwa mikono miwili ili usiteleze, akapaonyesha pa kukata kwa kidevu.

"Kata na huu."

Nikauzungusha taratibu kama alivyonielekeza, nisipasue, hadi kipande kikaanguka upande wake. Askari alisimama akajipangusa suruali, akauliza kama tuko tayari kuendelea. Mjomba ndiye aliyemjibu kwamba tuko tayari.